Vijana 23 na shilingi 1,400,000: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga mjini. Mtaani kwetu tumehesabu vijana 23, wa kike na wa kiume, wenye umri wa miaka 16 hadi 27, ambao hawasomi na hawana kazi ya kueleweka. Sisi wastaafu tumechangishana tukapata sh. 1,400,000. Lipo pia godauni la zamani la mtaa, limekaa tupu. Wenzangu wamegawanyika: wengine wanataka tununue cherehani tuziweke humo, wengine wanataka tuwaunde vijana wawe kikundi wakachukue mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake. Wewe uliyezifanya kazi hizi, unatushauri tuanze na lipi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nimesoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile namba 23. Wengi wanaoniuliza huandika "vijana wetu" tu, basi. Ninyi mmewahesabu, maana yake mnawajua kwa majina, mnajua nyumba zao na mama zao. Ushauri wangu wote unategemea hilo.

Msinunue cherehani sasa, na msiwapeleke kwenye mkopo sasa. Pesa yenu haitoshi kuanzisha mradi wa watu 23. Inatosha, tena sana, kuondoa vikwazo vidogo vinavyomzuia kijana mmoja mmoja kupita kwenye mlango ambao tayari uko wazi hapo hapo Tanga. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa miaka 19, na mara nyingi nimeona kijana anakwama kwa sababu ya nauli ya wiki mbili au karatasi moja, huku wazee wakihangaika kutafuta mamilioni.

Nunueni daftari kubwa, kila kijana apewe ukurasa wake. Msiwaite godaunini kwa mkutano. Kwenye mkutano kijana husema kile anachodhani wazee wanataka kusikia, na siku zote ni neno moja: mtaji. Mkute barazani, mkute kijiweni akiosha pikipiki ya mtu, kaa naye. Ameishia darasa la ngapi na cheti chake kiko wapi? Ana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa? Ana mtoto? Anadaiwa na nani? Na swali ninalolithamini kuliko yote: kuna mtu yeyote amewahi kukulipa, na ilikuwa kwa kazi gani? Ukimuuliza ndoto yake atakujibu kama mtu aliye kwenye usaili. Ukimuuliza nani alimlipa, utagundua kuwa huyu alipaka rangi nyumba mbili pale Chumbageni, yule husuka nywele kila sikukuu, na mwingine ni deiwaka, anaendesha bodaboda ya mwenzake saa za jioni. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mkimaliza kurasa zote, nina hakika hamtabaki na kundi moja la vijana 23. Mtakuwa na makundi manne au matano, na kila kundi lina dawa yake.

Lipo kundi la karatasi. Kijana asiye na namba ya NIDA hasajili laini kwa jina lake, hafungui akaunti benki, haingii kwenye kikundi cha mkopo, na mwajiri yeyote rasmi humrudisha mlangoni. Wengi wanatumia laini ya mama au ya dada. Ukichimba unakuta hana hata cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo lazima aanzie RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti hivyo, na kule anaulizwa nyaraka za wazazi ambazo hazionekani au za baba ambaye hayupo. Kijana akizungushwa mara mbili anakata tamaa, na sisi tunamwita mvivu. Mzee mmoja kati yenu, mwenye subira na anayejua kuzungumza na maofisi, akabidhiwe kazi hii peke yake. Aende nao wawili wawili. Gharama yake ni nauli, picha na nakala, na ndiyo shilingi yenu itakayozaa haraka kuliko zote.

Kundi kubwa zaidi, kwa uzoefu wangu, ni la wale wanaohitaji kukaa chini ya fundi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utajiri wa mji wenu.

Ukitembea barabara za Ngamiani, zile zenye namba, unapita gereji, seremala, wachomeleaji, mafundi friji, mafundi nguo, na mafundi baiskeli ambao Tanga haijawahi kupungukiwa nao. Pale Deep Sea, kwa wavuvi, wapo wanaotengeneza mashine za boti. Hakuna chuo chenye karakana nyingi kiasi hicho. Lakini uanagenzi wetu wa mtaani una ugonjwa wake, na wote tunaufahamu. Kijana anapokelewa, anatumwa chai, anaosha spana, anashika tochi, mwaka unaisha. Fundi anamficha kazi za maana kwa kuogopa kwamba kesho atafungua kibanda mkabala na chake. Kijana naye hali chochote mchana, nyumbani anaulizwa analeta nini, na baada ya miezi miwili anarudi kijiweni. Mnaona ameshindwa kazi, kumbe ameshindwa njaa.

Ingieni katikati. Chagueni mafundi sita ambao mtaa unawaheshimu kwa kazi na kwa tabia, mkae nao mwandikishane. Mkataba uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: kijana atakaa muda gani, mwezi wa kwanza atafundishwa nini, wa pili nini, wa tatu nini, atakuwa saa ngapi kazini, akiumia nani anampeleka hospitali, na tarehe ya mwisho ijulikane. Ninyi mnalipa chakula cha mchana na nauli kwa miezi mitatu ya kwanza. Tufanye hesabu kwa sh. 2,000 kwa siku, siku 26 za mwezi: ni sh. 52,000 kwa mwezi, sh. 156,000 kwa miezi mitatu, na kwa vijana sita sh. 936,000. Mnabaki na sh. 464,000 kwa ajili ya karatasi, na kwa vifaa vya kuanzia vya yule atakayemaliza: tepu, msasa, seti ya spana, mkasi wa kushonea. Lipeni kwa wiki, fundi akisaini kwamba kijana alikuja. Miezi mitatu ikiisha, kijana anayejituma huwa ameanza kumwingizia fundi chochote, na fundi mwenyewe ataanza kumpa hela ya sabuni. Asipompa, mhamisheni.

Jambo moja msilipite. Wenye miaka 16 na 17 bado ni watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria inamruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini si kazi za hatari wala za usiku. Kwa hiyo msimpeleke wa miaka 16 kwenye kuchomelea vyuma wala baharini usiku. Kwa huyo ulizeni kwanza habari ya shule.

Mafundi wakishakuwa upande wenu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ndiyo hatua inayofuata, na watu wengi wanajua nusu yake tu. Wanachojua ni kozi ndefu. Kwa muda mrefu ada ya vyuo vinavyomilikiwa na VETA yenyewe imekuwa sh. 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na sh. 120,000 kwa wa bweni, na kinachowaangusha wengi ni vifaa na sare zinazoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga. Hapo mchango wenu unaweza kumvusha mmoja au wawili, tena Chuo cha VETA kipo hapo Tanga. Wasichokijua ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kijana aliyejifunza uashi au umakanika mtaani anaomba, anatathminiwa kwa kazi anayoifanya kweli, anaelezwa mapungufu yake, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anapimwa na kupata cheti. Haanzi upya na wenzake wanaojifunza kushika nyundo. Katika wale 23 wapo wawili watatu ambao tayari ni mafundi, hawana tu karatasi ya kuonyesha. Mkandarasi anayetafuta watu bandarini au kwenye ujenzi wa barabara huanza na wenye cheti. Nendeni chuoni muulize dirisha la maombi linafunguliwa lini na kwa fani zipi, mwandike kwenye daftari.

Sasa wasichana. Mwalimu, hukuandika wako wangapi kati ya hao 23, nami naomba uhesabu tena, maana wasichana wasio na kazi hawakai kijiweni. Wako ndani, wanalea, wanauza barafu na maandazi mlangoni, na hesabu za wazee huwaruka. Mmoja wao akiwa aliacha shule kwa ujauzito, mwambieni kwamba tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza wanafunzi wa namna hiyo waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi. Hadi leo nakutana na wazazi ambao habari hiyo haijawafikia. Asiyetaka kurudi kukaa na wadogo zake darasani ana njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, anasoma nje ya shule hadi mtihani. Na vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Mkoani kwenu kipo cha Handeni, na cha Kiwanda wilayani Muheza. Kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi viliwafungulia mlango akina mama vijana waje na watoto wao, mama akiwa darasani mtoto analelewa pale pale.

Hilo la mtoto ndilo linaloamua. Niliwahi kuwaona wasichana wanne wakiacha kozi ya ushonaji ndani ya mwezi mmoja. Ada ilikuwa imelipwa, kozi waliipenda, mwalimu alikuwa mzuri. Hakukuwa na mtu wa kushika watoto asubuhi. Nimelibeba hilo miaka yote, kwa sababu mimi ndiye niliyepanga kozi ile na sikuwauliza.

Kwa hiyo nikifika kwenye godauni lenu, cherehani hazimo mawazoni mwangu. Naona chumba cha kulelea watoto kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, mikeka, maji safi, bibi wawili wa mtaani wanaolipwa kidogo na kila mama anayeacha mtoto. Muoneni kwanza afisa ustawi wa jamii, maana vituo vya kulelea watoto mchana lazima viandikishwe na vikaguliwe, na ni haki iwe hivyo. Litachukua muda kuliko kununua mashine. Lakini litawatoa wasichana sita au saba ndani kwa pamoja, kila mmoja aende kwenye shughuli yake.

Cherehani za kuwekwa mahali pa wote nimeziona zikifa mara nyingi mno. Ufunguo anao mhazini, mhazini amesafiri; sindano ikivunjika hakuna wa kununua nyingine; mkanda unakauka. Na nina shaka kama mtaa wenu umekosa fundi nguo. Msichana akishajifunza kwa fundi na akapata wateja watatu wa uhakika, hapo cherehani moja iliyo ya kwake mwenyewe itatunzwa kama yai.

Nije kwenye mkopo, maana najua ndiko presha iliko. Huu si msaada wa mwanasiasa, ni sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yaliyopotea, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri kupitia benki na nyingine kupitia mfumo wa zamani ulioboreshwa. Kwa vijana, kikundi kiwe na watu wasiopungua watano, kiwe na katiba, viongozi, akaunti ya benki na andiko la mradi, na safari yake huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, sio kwa diwani.

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Kikundi kimoja cha vijana kumi nilikipitisha mwenyewe, wakati huo tulikuwa tunasukumwa tutoe takwimu za vikundi. Mradi kwenye karatasi ulikuwa kuku. Walikutana mara ya kwanza siku ya kuandika katiba. Pesa ilipoingia waligawana, na siwalaumu sana: mmoja alikuwa na mama mgonjwa, mwingine alidaiwa kodi ya chumba. Hakukuwa na banda wala kifaranga. Mwaka uliofuata wawili waliobaki mtaani ndio waliosumbuliwa kwa deni la wote kumi, na mmoja wao alikuwa kijana mwaminifu kuliko wote. Alihama kwa aibu. Mkopo usio na riba bado ni deni, na ukimwangukia kijana wa miaka 20 unamfungia milango kwa miaka mingi.

Ndiyo maana nawaomba mkianza na chochote cha pamoja kianze na kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Vijana wanane au kumi waliokubaliana wenyewe, msiwachagulie. Kila wiki hisa ya sh. 1,000 au 2,000, mfuko wa jamii kwa misiba na ugonjwa, faini kwa wachelewaji, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vinasajiliwa, na usajili wake hufanyika halmashauri, kwa hiyo msibaki gizani. Baada ya miezi sita watakaokuwa bado wanakutana wamejuana: nani hutimiza ahadi, nani huleta visingizio. Hao ndio wa kupeleka kwenye mkopo, kwa biashara ambayo mmoja wao ameshaifanya na hesabu zake zipo. Tena kikoba kitawasaidia na jambo lingine: kijana mwenye pa kukopa sh. 30,000 hana haja ya kukimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Kwenye daftari lenu, pale kwenye swali la madeni, mtashangaa ni wangapi wameshaingia huko kupitia simu.

Wakishakuwa kikundi cha kazi, tuseme seremala na mchomeleaji wamekutana, kuna soko ambalo vijana wengi hawalijui. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Madawati, milango ya zahanati, usafi wa ofisi. Siku hizi zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na kujisajili kunahitaji kikundi kilichotambuliwa na karatasi zake zote. Liwekeni kama lengo la mwaka wa pili.

Wapo ambao hukuwataja, Mwalimu, nami sitaki kuandika barua ndefu hivi nikawaacha. Katika vijana 23 wa mji wa bandari, kuna uwezekano mkubwa mmoja au wawili wametumbukia kwenye heroini. Hao hawapelekwi kwa fundi kwanza, na hawasemwi kikaoni. Matibabu ya methadone, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuachana na heroini, ambayo nchini mwetu yalianza Muhimbili mwaka 2011, yapo Tanga, katika Hospitali ya Bombo. Dawa hutolewa bure, lakini mwanzoni lazima anywe pale pale kila siku, na nauli ya kila siku ndiyo huwaangusha, pamoja na macho ya watu. Mtu mmoja wa kumsindikiza wiki tatu za mwanzo, na nauli kutoka kwenye zile sh. 464,000. Nimeona vijana waliorudi kwenye kazi zao kwa njia hiyo, mmoja wao ni mpaka rangi mzuri sana na leo ana wanagenzi wake.

Wiki ijayo nenda kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa mkiwa watatu, pamoja na mwanamke mmoja. Ombeni vitu viwili tu: barua ya kutumia godauni kwa muda maalumu, iliyopitishwa kwenye mkutano wa mtaa ili asije mtu kuwatoa mwakani, na siku ya kukaa na afisa maendeleo ya jamii mkiwa na daftari mkononi. Mkifika na kurasa 23 zilizojazwa hamtaambiwa mrudi kesho. Mimi ningekuwa bado pale, ningeacha nilichokuwa nafanya.

Pesa ikae kwa watu wawili, iandikwe kila inapotoka, na vijana waone maandishi hayo. Mwaka ukiisha niandikie tena. Niambie wangapi wako kwa fundi, wangapi wako darasani, na wangapi hamjui tena waliko. Hao wa mwisho ndio nitakaotaka kusikia habari zao kwanza.